Mwacha Mila ni Mtumwa. Na Mtumwa Mwenyewe Je?

Kuna methali ambayo kila kikundi cha urithi katika pwani yetu huipenda. Utaikuta kwenye fulana za siku ya tamasha, kwenye kadi za mwaliko, kwenye hotuba ya mgeni rasmi: mwacha mila ni mtumwa. Wengine husema mkataa kwao ni mtumwa. Maana yake ni nyepesi. Anayeitupa asili yake amejishusha mwenyewe, amekuwa mtu wa kuburuzwa na wengine. Ni methali nzuri sana ukitaka vijana wafyeke makaburi ya kale na wasiuze milango ya nakshi kwa wageni.

Sasa hebu isome tena taratibu, safari hii ukiwa umesimama katika mji wowote wa Mrima ambao karne ya 19 ulipokea misafara kutoka bara. Mtumwa wa methali ni mtu aliyeacha kwao. Mtumwa wa historia hakuacha kwao, alitolewa. Alikuwa na jina, na mjomba, na mti ambao wazee wake walikaa chini yake kuamua kesi, na vyote hivyo akavuliwa njiani. Akifika pwani anapewa jina jingine, anafundishwa mila nyingine, kisha vizazi vinne baadaye tunatunga methali inayomfanya mfano wa mtu asiyejiheshimu. Yaani tumemnyang'anya asili halafu tunamsuta kwa kutokuwa nayo.

Sitaki tuipige marufuku methali. Methali hazipigwi marufuku. Ninachotaka ni kuitumia kama mlango wa kuingilia swali ambalo limenikaa kichwani muda mrefu: mji mdogo ukiamua kuhifadhi na kusherehekea urithi wake, je, unaweza kumtaja mtumwa bila kuwavunjia heshima wajukuu zake? Na usipomtaja, unaweza kudai kwamba unachosherehekea ni historia?

Swali hili sikulitoa kitabuni. Kazi yangu ya uandishi wa habari ilinikutanisha na kikundi kidogo cha urithi katika mji mmoja wa Mrima. Jina la mji nalificha, na msomaji ataona baadaye kwamba kulificha ni sehemu ya hoja yenyewe. Kikundi hakina ofisi. Kinakutana Jumapili baada ya alasiri katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Yumo mwalimu mstaafu, yumo mzee aliyefanya kazi forodhani, yumo bibi anayefundisha watoto Kurani, yumo kijana seremala anayejua kukarabati milango ya zamani. Wameorodhesha nyumba, wamekusanya picha kutoka masanduku ya watu, wamepeleka wanafunzi kutembea mji wao wenyewe kama wageni. Hakuna anayewalipa. Mchango wao wa mwezi hautoshi hata kununua mfuko wa saruji, na nyumba za chokaa na mawe ya matumbawe zinataka matunzo kila baada ya masika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wao hawana fedha ya ukuta.

Waliponijua kuwa ni mwandishi, wakaniomba niwanyooshee Kiswahili cha mabango madogo ya mbao waliyotaka kuyapachika kwenye nyumba kongwe. La kwanza lilisema, kwa ufupi, kwamba nyumba hii ilijengwa na fulani bin fulani, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu. Kiswahili chake kilikuwa safi. Hakikuhitaji kunyooshwa. Lakini nilikwama kwenye neno moja: ilijengwa na.

Lugha yetu imetupa viambishi vya kutosha kusema ukweli. Mtu anaweza kujenga, anaweza kujengewa, anaweza kujengesha. Vitendo vitatu, watu watatu tofauti. Aliyejenga ndiye aliyezamia jiwe la matumbawe, akalibeba mabegani wakati wa maji kupwa, akachoma chokaa, akapandisha boriti. Tajiri wa pembe za ndovu hakufanya hata moja kati ya hayo. Nikapendekeza tuandike kwamba aliijengesha. Mwalimu mstaafu akacheka, akaniambia, "Wewe mwandishi, hizo herufi tatu ulizochomeka zitaleta maneno mji mzima." Mzee wa forodhani akauliza kwa upole, "Aliijengesha kwa nani?" Darasa likanyamaza. Jibu kila mtu alilijua.

Bibi ndiye aliyevunja ukimya. Alisema, "Mwanangu, ukishaandika 'watumwa' pale ukutani, mtoto wa kwanza kupita atauliza: watumwa gani, wa nani, wako wapi sasa? Na sisi tuko hapa hapa. Tunaoana, tunazikana."

Huo ndio mgogoro wenyewe, na ni mgogoro kati ya mema mawili. Upande mmoja kuna kumbukumbu, upande mwingine kuna sitara.

Nianze na sitara, kwa sababu watu wa rika langu, sisi tuliosoma vyuo vikuu, tuna haraka ya kuidharau. Tunaiita woga. Tunaiita kufunika kombe mwanaharamu apite. Lakini sitara ni zaidi ya hapo. Katika mji wa Waswahili, kumsitiri mwenzio ni ibada. Dini inafundisha kwamba anayeisitiri aibu ya mwenzake, naye Mungu atamsitiri. Methali inasema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na heshima yote ya mwosha ni kwamba akitoka chumbani hasemi alichokiona. Mji ambao watu wake wanaishi ukuta kwa ukuta, wanachota maji kisima kimoja, hauwezi kuishi bila maarifa haya ya kujua na kutosema.

Na jambo lenyewe haliko mbali kama tunavyojidanganya. Wajerumani walitawala Tanganyika bila kuufuta utumwa. Walichofanya ni kutoa amri kwamba watoto watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Sheria ya kuufuta kabisa ilikuja wakati wa Mwingereza, mwaka 1922. Piga hesabu. Mtu aliyezaliwa utumwani mwaka 1905 angeweza kuiona Azimio la Arusha mwaka 1967 akiwa na miaka 62 tu, akiwa bado na nguvu za kulima. Angeweza kuwalea wajukuu ambao leo ndio wazee wa kikundi. Kwa hiyo tunapozungumzia "watumwa" katika mji kama ule, hatuzungumzii watu wa kwenye mchoro wa kitabu cha shule. Tunazungumzia mama mzaa bibi wa mtu aliyekaa dawati la mbele.

Na asili bado ina bei. Hakuna atakayekuambia waziwazi, lakini posa zimewahi kukataliwa kwa neno moja lililonong'onwa barazani. Ugomvi wa mpaka wa shamba ukipamba moto, kuna tusi moja linalosubiri chini ya ulimi. Bibi hakuwa anailinda nyumba ya tajiri. Alikuwa anawalinda watu wa mtaa wake dhidi ya tusi hilo. Ukilitazama hivyo, ukimya wa mji ni kazi kubwa iliyofanywa na watu wengi kwa miaka mingi, bila mkutano wala katiba, ili watoto wa waliomiliki na watoto wa waliomilikiwa waweze kukaa jamvi moja msibani. Nionyeshe tume ya maridhiano iliyofanya kazi nzuri kuliko hiyo.

Basi mbona sikuridhika?

Kwanza, kwa sababu ukimya huu haugawi giza lake sawasawa. Ungekuwa ukimya kamili, pande zote mbili zingepotea: hakuna jina la bwana, hakuna jina la mtumwa, kuna mji tu. Lakini nyumba zipo. Jiwe halisahau, na jiwe lina mwenyewe. Kibanda cha udongo na makuti cha mtu aliyelibeba jiwe hilo hakikuvuka hata mvua za kizazi kimoja. Kikundi chochote kinachoamua kuhifadhi "kilichobaki" kitajikuta kinahifadhi cha mwenye nacho, si kwa nia mbaya, bali kwa sababu ndicho kilichobaki.

Hata sheria imekaa hivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, ya mwaka 1964, inalilinda jengo moja kwa moja kama lilijengwa kabla ya mwaka 1863. La baada ya hapo linasubiri kutangazwa. Sheria ni lazima iweke mpaka mahali fulani, sina ugomvi na hilo. Lakini sheria inayolinda kilichojengwa haiwezi kumlinda ambaye hakuachiwa nafasi ya kujijengea. Ukiongeza bango lenye jina la tajiri juu ya mlango wake, sitara imekwisha kuvunjwa tayari, ila imevunjwa upande mmoja: tumemtaja mmoja kwa sifa na kumfunika mwingine kwa huruma. Huruma ya namna hiyo inafanana sana na kumzika mtu mara ya pili.

Pili, kuna swali ambalo wazee wenyewe hawakuliuliza, nami nilipoliuliza darasa lilichangamka: hii aibu tunayoisitiri ni ya nani? Sitara hufunika aibu. Sasa aliyekamatwa usingizini Nyasa au Manyema, akatembezwa mpaka pwani, akauzwa, alifanya jambo gani la aibu? Ikiwa kuna aibu hapa, ni ya aliyenunua. Lakini kwa namna ya ajabu aibu imevuka mto, ikahamia kwa aliyenunuliwa, na wajukuu wake ndio wanaoinamisha vichwa. Wajukuu wa mnunuzi wanaonyesha wageni milango. Tukiendelea kusitiri bila kuuliza aibu ni ya nani, tunauthibitisha uongo ule ule uliouendesha utumwa: kwamba kuwa mtumwa ni sifa ya mtu, si jambo alilotendewa.

Uongo huu umejificha mpaka kwenye maneno yetu ya heshima. Tukimsifu mtu mwenye adabu tunasema ni muungwana. Asili ya neno hilo ni mtu huru, asiye mtumwa. Tukimtukana asiye na adabu tunasema mshenzi, na mshenzi wa pwani ya zamani alikuwa mtu wa bara tu, yule yule aliyekuwa akikamatwa. Kila siku, bila kukusudia, tunapima tabia za watu kwa mizani ya soko lile.

Waandishi wetu wameliona hili kabla ya wanahistoria wa mitaa. Katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kijana Yusuf anamwita tajiri Aziz mjomba. Inamchukua muda kuelewa kwamba huyo si mjomba wake, kwamba yeye ni rehani ya deni la baba yake. Neno la ujamaa lilikuwa pazia. Na hapo ndipo utaona sitara inavyoweza kugeuka: jina la ukoo linalotumiwa kumhifadhi mtoto asijue ni mali ya nani linamhifadhi nani hasa?

Na kuna Siti binti Saad. Waliosimulia maisha yake wanasema alizaliwa Fumba, Unguja, na jina la utotoni lilikuwa Mtumwa. Akaingia mjini, akaimba, sauti yake ikarekodiwa kwenye santuri, na mji ukamwita Siti, yaani bibi mtukufu. Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Angalia kwamba hatukulifuta jina la kwanza ili kulipa heshima la pili. Tunayajua yote mawili, na la pili linang'aa kwa sababu la kwanza lipo. Hakuna anayemdharau Siti kwa kuitwa Mtumwa. Aibu ilirudi ilikotoka.

Kwa hiyo nilijaribu kujenga hoja yangu kwa kutenganisha vitu viwili: tendo na jina. Tendo ni la mji mzima, na mji una wajibu wa kulitaja. Jina la mtu, yaani fulani ni mjukuu wa mtumwa wa fulani, ni mali ya mhusika. Sitara ni haki yake, na mwenye pazia ndiye pekee mwenye ruhusa ya kulifungua. Kikundi cha urithi, mwandishi wa habari, mtafiti kutoka ng'ambo na daftari lake, wote hawa hawana ruhusa hiyo hata wakiwa na ushahidi. Ndiyo maana sijautaja mji. Ningeutaja, watu wawili watatu mtandaoni wangeshaanza kuhesabu koo.

Mzee wa forodhani alinipinga vizuri. Akasema tofauti hiyo ni nzuri kwenye karatasi, lakini ukutani haifanyi kazi. Mji mdogo hauna matendo yasiyo na majina. Ukisema tendo, watu watajaza majina wenyewe, tena watajaza vibaya. Hoja hii ina nguvu na sina dawa yake kamili. Ninachoweza kusema ni kwamba majina yanajazwa hata sasa, gizani, kwa minong'ono. Minong'ono haina mtu wa kuijibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na maradhi haya yakiumbuka kwenye ugomvi wa shamba yanatoka yakiwa tusi. Yakitoka kwanza kwenye bango la kikundi chenye heshima, yanatoka yakiwa historia. Hilo nalo si jambo dogo. Mtoto anayejifunza neno "mtumwa" shuleni kwa mwalimu wake ana kinga fulani siku atakapotupiwa neno hilo njiani.

Lakini kusema ukweli kuna hatari yake ya upande wa pili, na hapa lazima niwaseme watu wa upande wangu. Wapo wanaopenda kumtaja mtumwa kwa sababu mtumwa anauza.

Chukua Pangani, ambayo naweza kuitaja kwa sababu habari zake ziko vitabuni. Kuna boma kuukuu pale, lenye milango ya nakshi, na kila mgeni huambiwa kwamba tajiri wa Kiarabu aliyelijenga alizika watumwa wakiwa hai chini ya nguzo ili msingi uwe imara. Unguja nako, pale Mkunazini, wageni wanashushwa kwenye vyumba vya chini vyenye giza wakiambiwa watumwa walirundikwa humo kabla ya kuuzwa, ingawa wapo wanahistoria wanaoeleza kwamba jengo lile lilijengwa na wamisionari, na soko lilikwisha kufungwa mwaka 1873. Mgeni anatoka ameshika kifua. Bakshishi inapanda.

Nifanyeje na hadithi ya nguzo? Kuifuta nisingependa. Hadithi kama hiyo ina ushahidi ndani yake, ila si ushahidi wa kilichofanyika chini ya nguzo. Ni ushahidi wa jinsi wasio na nguvu walivyoyatazama majumba yale: kwamba yamesimama juu ya miili yao. Kama sitiari, siwezi kuipinga hata neno moja. Lakini ikiuzwa kama tukio, na siku moja mtu akachimba asikute kitu, atakayeumbuka si mtembeza wageni. Atakayeumbuka ni yule mtu halisi aliyebeba jiwe halisi, maana msikilizaji atasema, aa, kumbe yote yalikuwa chumvi tu. Kidonda cha kuchora kinakitia shaka kidonda cha kweli. Kikundi cha urithi kinachojiheshimu kitasema "watu husimulia kwamba", kisha kitasimulia, kisha kitakaa kimya. Maneno matatu hayo hayapunguzi uchungu wa hadithi. Yanapunguza uongo tu.

Kuna kasoro nyingine kwenye hadithi za vyumba vya giza, na ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Ndani yake mtumwa hana anachofanya. Anafungwa, anazikwa, anauzwa. Ni kitenzi cha kutendwa tangu mwanzo hadi mwisho. Haishangazi kwamba hakuna mjukuu anayetaka kumdai mtu huyo kuwa babu yake. Nani anataka kurithi kutendwa?

Kumbe Pangani hiyo hiyo ina hadithi nyingine. Kando ya Mto Pangani karne ya 19 kulikuwa na mashamba makubwa ya miwa, na kazi ilifanywa na watumwa. Mwaka 1873, mwaka ule ule soko la Unguja lilipofungwa, watumwa wa mashamba hayo waliasi. Wengi wakatoroka wakaanzisha makazi yao Kikogwe, kusini mwa mto. Watoro, ndivyo walivyoitwa. Mwanahistoria Jonathon Glassman ameliandika tukio hilo na kulichambua. Miaka 20 baadaye, mwaka 1893, Kikogwe ikapata umaarufu kwa jambo jingine. Mjerumani Richard Hindorf alikuwa ameagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikafika ikiwa hai 62 tu, na hiyo ikapandwa Kikogwe. Kutokana na miche hiyo Tanganyika ikaja kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge. Mkoa wa Tanga mzima unajua habari ya miche 62. Tunaisimulia kwa fahari, tunaihesabu mmoja mmoja. Habari ya watoro wa pale pale, nani anaisimulia? Mimea tumeikumbuka kwa idadi, watu hatukuwakumbuka hata kwa mkupuo. Na wale waliokuja baadaye kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, wakiitwa manamba kwa sababu walijulikana kwa namba, nao historia ya mji imewaweka uani.

Ugumu hauishii hapo. Shujaa mkubwa wa Pangani, anayefundishwa shuleni nchi nzima, ni Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa pale Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Alikuwa shujaa, sina shaka. Vilevile alikuwa mwenye shamba la miwa. Watu wa Kikogwe walikuwa wamekimbia mashamba ya namna hiyo. Je, kikundi cha urithi kimweke nani kwenye ukuta? Jibu la haraka ni "wote wawili", nami nalikubali, ila nataka tulipe gharama yake. Kuwaweka wote wawili maana yake ni kukiri kwamba uhuru aliougombea Abushiri haukuwa uhuru wa kila mtu pale mjini, na kwamba mtu anaweza kunyongwa na dhalimu mkubwa huku mwenyewe akiwa na watu aliowafunga. Historia ya taifa haipendi sentensi ndefu kama hiyo. Historia ya mji mdogo inaiweza, kwa sababu mji mdogo umezoea kuishi na watu wenye mema na mabaya yao. Jirani yako humjui kwa wasifu, unamjua kwa miaka.

Hapo ndipo nilipo sasa. Naona kazi ya chama cha historia cha mji mdogo si kuchagua kati ya kumbukumbu na sitara. Ni kuweka kila moja mahali pake. Sitara iwafunike watu walio hai na koo zao, mpaka wenyewe waseme vinginevyo. Kumbukumbu ilishike tendo, na ilishike lote, pamoja na mikono iliyobeba na miguu iliyotoroka. Anayetaka nyumba ya babu yake itajwe kwa sifa akubali itajwe kwa ukamilifu, au liachwe jina lake nje kama yalivyoachwa ya wengine. Hiyo ndiyo haki ninayoiona: pazia liwe la wote au lisiwepo.

Kuhusu lile bango, mwandiko uliopita mwishoni haukuwa wangu. Waliliondoa jina la tajiri kabisa. Sasa linaeleza jiwe lilitoka wapi, chokaa ilichomwaje, na kwamba kazi hiyo ilifanywa na watu waliokuwa utumwani, mafundi na wachukuzi, wanaume na wanawake. Bibi ndiye aliyelichagua neno "mafundi". Alisema ukuta ule umesimama zaidi ya miaka mia, hauwezi kuwa umejengwa na mtu asiyejua kitu. Mimi na shahada yangu nilikuwa nimewaza maumivu tu. Yeye alikumbuka ujuzi.

Ujuzi unarithiwa. Yule kijana seremala, asiyejua wala asiyeulizwa asili yake, alipolisikia neno hilo alinyoosha mgongo kidogo kwenye dawati la mtoto. Labda nilijionea tu. Lakini kama kuna kitu kinachostahili kupigiwa ngoma siku ya tamasha, basi ni hicho: watu waliovuliwa kila kitu, jina, ndugu na mila, wakafika mahali pasipo kwao, na bado wakaacha ukuta ulionyooka. Na wengine wao, usiku mmoja, wakavuka mto kwenda kujenga nyumba zao wenyewe.

Nyumba hizo hazipo tena, kwa hiyo hakuna pa kupachika bango. Itabidi tuwafundishe watoto kuzisoma kwenye ardhi tupu.